Wimbo wa Kumfukuza Mama Mkwe

Kwa wewe ambaye gazeti la mwezi uliopita lilikupita, au lilifungiwa misumari kabla hujalisoma, habari ni hii: mimi ni fundi friji, nina bendi ya muziki wa roki, na bendi yangu ilikuwa imebaki bila mwimbaji.

Tulikuwa naye. Alikuwa dobi mwenye sauti ya kukwaruza, sauti ya roki hasa, mpaka bendi moja ya harusi ilipomshonea koti jekundu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Mtu aliyepiga pasi makoti ya wenzake maisha yake yote, siku ukimpa la kwake, humpati tena. Simlaumu. Nilimlaumu mwezi uliopita, nikamaliza.

Kabla ya dobi aliondoka mpiga kinanda, akaoa. Kabla ya mpiga kinanda aliondoka mpiga dramu wetu wa kwanza, ambaye aliuza dramu zake, kisha akaomba kazi kwa aliyezinunua.

Tukabaki watatu. Gitaa, mimi. Dramu, shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mazoezi tunafanyia kwenye karakana yake, maana majirani wa pale walishakata tamaa ya utulivu zamani. Besi anapiga Mwalimu. Anafundisha hesabu, na akimaliza kufundisha huwa hana maneno yaliyobaki.

Bendi inaitwa Kutu. Jina nililitoa mimi. Bendi niliianzisha mimi. Naomba hilo mlishike, kwa sababu huko mbele litasahaulika.

Sasa, mwenye ukumbi wa sinema alikuwa ametupa nafasi ya Jumamosi mchana, kabla ya filamu ya jioni. Ukumbi wenyewe uko jirani na kituo cha mafuta, una jukwaa na viti vya kukunja, na viti vingi vinakunjuka. Nafasi hiyo niliisotea. Friji lake la soda nimelihudumia kama mtoto mgonjwa.

"Mwimbaji mnaye?" akaniuliza.

"Tunaye."

"Yuko wapi?"

"Anapumzisha koo."

"Basi Jumamosi aje na koo lake. Asipokuja, kuna bwana mmoja wa mazingaombwe ananisumbua kila siku."

Tukabandika tangazo kwenye geti la karakana. Wakaja watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki. Sauti nene, safi, ila aliimba akiwa ametupa mgongo, macho yote mlangoni.

"Geukia huku, bwana," nikamwambia.

"Nikigeuka, mlango utaangaliwa na nani?"

Hakuwa anatania. Tukamshukuru.

Wa pili alikuwa dalali wa mnada. Huyo kila mstari aliumalizia kwa "mara ya kwanza, mara ya pili," na shemeji, badala ya kumsimamisha, akawa anampigia dramu kila akifika hapo. Wakaelewana sana wawili hao. Mpaka tunafika mwisho wa wimbo, nilihisi gitaa langu limeshapata mnunuzi.

Muda wote huo mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akingoja mwanawe amchomelee mkono wa sufuria.

Huyu mama nimweleze kidogo. Anaishi kwangu. Alikuja kumsaidia binti yake alipojifungua, akasema anakaa wiki moja. Mtoto aliyezaliwa wakati huo sasa anafunga kamba za viatu mwenyewe na kunijibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mkwe jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipojua haondoki.

Na wimbo wetu mkubwa, wimbo pekee unaowafanya wapita njia wasimame getini, unaitwa "Mgeni Ondoka". Niliutunga mimi. Sidhani kama nina haja ya kusema unamhusu nani.

"Jamani, mnamaliza lini?" mama mkwe akauliza. "Nina sufuria hapa."

"Tunatafuta mwimbaji, Mama," shemeji akamjibu.

"Wa wimbo gani? Huo wa mgeni?"

Nikalitua gitaa chini.

"Mama, kwani... unaujua?" nikauliza.

"Mwanangu, wewe unatungia bafuni. Chumba changu na bafu vinatengwa na bati moja. Kwa nini nisiujue?"

Akainuka. Akaweka sufuria chini, akakaza kitambaa chake cha kichwani, akaimba.

Maikrofoni hakuomba. Sauti ilitoka chini huko, kavu, haina haraka, kama mtu anayekuita kwa jina lako kamili. Milango ya magari iliyoegemezwa ukutani ikaanza kutetemeka. Dalali, ambaye alikuwa hajaondoka, akavua kofia.

*Ulikuja na begi moja,*
*ukasema wiki moja.*
*Begi sasa lina vumbi,*
*mgeni, ondoka, njia unaijua.*

Alipofika kwenye "ondoka", nilijikuta nimepiga hatua moja kuelekea getini.

Halafu Mwalimu, ambaye sikumbuki lini aliwahi kusema neno bila kuulizwa, akasema, "Huyo."

"Huyo nani?"

"Huyo," akarudia, na hiyo ikawa ndiyo hotuba yake ya wiki.

Nikamvuta shemeji nyuma ya gari moja lisilo na injini.

"Shemeji, hili haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Ni mama yangu. Una neno juu ya mama yangu?"

Swali hilo halina jibu ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulitoa mbele ya mtu aliyeshika nyundo.

"Sina neno. Nilikuwa nawaza habari ya kusimama. Miguu yake."

"Atakaa kwenye kiti."

Yakaisha. Tuliporudi, mama mkwe mwenyewe akaniita pembeni. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Nitawaimbia. Ila ubeti wa pili ufute."

Ubeti wa pili ulisema mgeni huyo kwake alifukuzwa, vyombo vikarushwa nje, akafungiwa mlango, ndiyo maana hana pa kurudi. Niliyasikia maneno hayo kwa watu, nikaona yanatoa vina vizuri.

"Mimi sikufukuzwa," mama mkwe akasema taratibu. "Baba yenu alipofariki, ndugu zake walikuja wakaanza kuulizana nani achukue chumba gani. Mimi nimekaa pale pale, nawasikiliza. Kabla hawajafika kwenye chumba changu, nikainuka nikaondoka kwa miguu yangu. Kwa hiyo usiseme nilifukuzwa. Kwamba namaliza maji ya moto, imba. Kukaa sana, imba. Hilo moja futa."

"Nimefuta, Mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na hayo maji ya moto nayo unazidisha," akasema, akaokota sufuria yake.

Hivyo ndivyo Kutu ilivyopata mwimbaji. Na hivyo ndivyo bendi yangu ilivyogeuka kuwa ukweni.

Aliyeoa ananielewa. Ukweni hupazi sauti. Ukweni hukosoi. Ukweni ukipewa kiti kibovu unakaa na kushukuru. Mama mkwe alikuwa akianza kuimba kabla wimbo haujaanza. Kiongozi yeyote wa bendi angesimamisha mazoezi. Mimi nilisema, "Vizuri sana, Mama."

Gitaa langu nalo likaanza kunywea. Kila nikiongeza sauti nahisi namfokea mama wa watu. Nikapunguza kidogo, kesho yake tena kidogo, mpaka nikawa mpiga roki pekee ninayemjua anayepiga kwa adabu.

Shemeji alimfuata mama yake, maana ndivyo alivyolelewa. Mwalimu alimfuata kwa sababu humfuata yeyote anayeonekana kujua anakokwenda. Wimbo ukapunguza mwendo. Ukawa mzito. Ukawa, na hili linaniuma kuliandika, mzuri kuliko nilivyoutunga.

Wivu ukaniingia. Nasema wivu kwa kuwa sijui jina lingine la kitu kile.

Nikamwendea mke wangu. Anashona sare za shule pale nyumbani, na ukitaka kuzungumza naye lazima ushindane na cherehani.

"Zungumza na mama yako," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba roki ni mambo ya vijana."

Akasimamisha cherehani. Akanitazama kichwani, pale nywele zilipoanza kunihama.

"Vijana wapi?" akauliza.

Nikaona nitumie ufundi. Mashine ya sauti ya bendi nimeiunda mwenyewe, na kila kitufe kinanijua. Kwenye mazoezi yaliyofuata nikaipunguza sauti ya maikrofoni yake kimyakimya, nikitumaini atajiona amechoka, aseme mwenyewe kwamba kazi hii haimfai.

Mama mkwe akaimba maneno matatu. Akaitazama ile maikrofoni. Akailaza juu ya boneti ya gari.

"Hii imekufa," akasema, "kama friji la yule jirani ulilolitengeneza."

Akaendelea bila maikrofoni. Alisikika vilevile. Nikairudisha sauti juu kwa hasira, na alipoishika tena, watu wakaja toka kule kituo cha mafuta kuuliza kuna nini.

Jumamosi ikafika. Ukumbi haukujaa, ila waliokuwepo walikuwa watu wa kweli na si ndugu zetu watupu. Mama mkwe aliketi kwenye kiti chake katikati ya jukwaa, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alipofungua mdomo, waliokuwa wanakula karanga waliacha kutafuna.

Sasa mwishoni mwa wimbo ule kuna kipande changu cha gitaa. Kipande hicho nimekifanyia mazoezi tangu kabla sijaoa. Ndicho kilichonifanya nianzishe bendi. Ulipofika wakati wake, nikasogea mbele, nikavuta pumzi.

Mama mkwe akawapa watu kisogo. Akanigeukia mimi. Akaninyooshea kidole.

*Mgeni, ondoka. Njia unaijua.*

Watu wakacheka. Na mimi nikatabasamu, nikijua ni mzaha. Yeye hakutabasamu.

*Ondoka.*

Ukumbi ukadakia. "Ondoka! Ondoka!" Wanapiga makofi, wanapiga miguu chini. Nikamwangalia shemeji anisaidie. Anapiga dramu macho kayafumba. Nikamwangalia Mwalimu, anasoma nyuzi za besi kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Mbele za watu, na mkwe wako, utafanya nini? Nikachomoa waya wa gitaa, nikainamisha kichwa, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikasimama kwenye mapipa ya taka, gitaa begani. Kule ndani zikapigwa shangwe ambazo sijawahi kuzisikia kwa jambo lolote nililolifanya nikiwepo.

Mwenye ukumbi akanikuta hapo hapo.

"Nani aliyebuni ile?" akauliza.

"Ipi?"

"Ya kumfukuza mpiga gitaa."

Nikafikiri kidogo. "Mimi," nikasema.

"Una akili sana wewe. Kila Jumamosi, hivyo hivyo. Na ukishafukuzwa usirudi kuja kupunga mkono, utaharibu."

Nikawa nimepata kazi. Bendi niliyoianzisha ilikuwa na mwimbaji, mpiga dramu, mpiga besi, na mtu wa kufukuzwa.

Habari zikaenea. Nabisha hodi kwa mteja, nimebeba mkoba wa vifaa, mama mwenye nyumba anafungua mlango na kunipokea kwa "Ondoka!" Anacheka mpaka anashika mbavu, watoto wake nao wanaimba, halafu ananionyesha friji. Nikimaliza kazi wananisindikiza kwa neno lile lile. Mtu mmoja nisiyemfahamu alinisimamisha barabarani kunipongeza kwa namna ninavyotoka. Alisema ninatoka kama mtu aliyezoea.

Kipande changu cha gitaa hakuna aliyewahi kukisikia. Kinaanza baada ya mimi kuondoka.

Nikajikaza, nikalisema mezani, tukiwa tunakula.

"Mama, Jumamosi hii niache kwanza nipige kipande changu. Nikimaliza, nifukuze."

"Watu hawakitaki," akasema, bila ubaya wowote. "Nisogezee chumvi."

Nikamsogezea chumvi. Ila ndani nilikuwa nimevimba.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Hata dobi alikuja na koti lake jekundu, akakaa mbele. Tukaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, watu wanaimba naye. Ukafuata ule ukimya mfupi, dramu peke yake, mahali ambapo zamani palikuwa na ubeti wa pili.

Mbele yangu palikuwa na maikrofoni ya kuitikia. Sikupanga. Naapa sikupanga. Nilisogea tu, na nilipofika mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikauimba ubeti wa pili. Wote. Vyombo kurushwa nje, mlango kufungwa, mgeni kufukuzwa kwake kama kuku jikoni. Niliuimba vizuri pia, kwa sauti niliyokuwa nimeibana tangu siku bendi ilipokuwa ukweni.

Watu wakaangua kicheko. Walikuja kucheka, wao watajuaje? Mtu mmoja wa nyuma akapiga mluzi na kupayuka, "Kumbe bibi naye alifukuzwa!" Ukumbi mzima ukalipuka.

Dramu zikanyamaza. Shemeji alikuwa ameweka fimbo zake mapajani. Mwalimu aliendelea na besi peke yake, kama mtu asiyejua aiweke wapi mikono.

Mama mkwe akanitazama. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. Alinitazama kama mtu aliyeona kitu chake alichokiacha mahali salama kimevunjika, na aliyekivunja ni mtu wa nyumbani.

Akageukia watu, akaimba ubeti wa mwisho bila dramu mpaka ukaisha. Alipofika mahali pa kunifukuza, hakuninyooshea kidole. Akasema, "Asanteni," akachukua mkoba wake, akashuka jukwaani kwa kushika ukuta.

Watu, kwa mazoea, wakaanza, "Ondoka! Ondoka!" Safari hii hakuna aliyenitoa. Jukwaa lilikuwa langu, waya umechomekwa, na nafasi ya kipande changu ipo wazi. Sikukipiga. Vidole havikutaka.

Nje, shemeji alikuwa anapakia dramu kwenye gari lake la mizigo.

"Yale maneno uliyatoa wapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Niliyasikia kwa watu."

"Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyembebea begi. Nani alimfukuza?"

Akafunga mlango wa nyuma wa gari taratibu, yeye ambaye hupiga bati kutwa nzima, na taratibu ile ndiyo iliyonitisha.

Mwalimu akapita karibu yangu. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, akaishia hapo, kwa kuwa sehemu iliyobaki kila mtu anaijua.

Wiki ile nyumbani kwangu palikuwa kimya. Mama mkwe alipika, akafagia, akaitikia salamu. Mke wangu alishona. Nikiingia, cherehani inakwenda mbio. Nikitoka, naisikia inapunguza.

Alhamisi mwenye ukumbi akanifuata kazini, mikono nimeizamisha kwenye friji la watu.

"Jumamosi namleta mwenzangu mwenye kumbi miji mingine," akasema. "Akiwapenda, mtazunguka nchi nzima. Yule mama awepo."

"Na mimi?"

"Na wewe. Sasa atamfukuza nani?"

Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi mpaka nikafunga lile friji bila kumaliza kulitengeneza. Nchi nzima. Nikapanga kumwomba mama mkwe radhi, na kwenye kuomba radhi nichomeke na habari ya safari.

Ijumaa asubuhi nikaingia sebuleni nikiwa na maneno yangu tayari. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Begi lake lilikuwa kwenye kiti, na yeye analifuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Si umeimba niondoke?"

"Mama, ule ni wimbo tu."

"Najua ni wimbo. Nimeusikia tangu haujapata vina. Kila asubuhi unaingia bafuni, unanifukuza huku unajimwagia maji. Ukitoka unanikuta hapa, unasema, 'Shikamoo Mama, umeamkaje?' Na mimi nasema marahaba, nimeamka salama."

Nikakaa kwenye mkono wa kiti.

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema. Siku ile ya kwanza nilipokunyooshea kidole mbele za watu, ulidhani naigiza? Nilitaka uonje na wewe. Ukatoka, ukarudi nyumbani, ukala, ukalala usingizi. Nikasema haya, labda wanaume wanafukuzwa tofauti." Akakunja kile kitambaa. "Nikasema pia, si neno, acha niimbe, maana kuimba kwenyewe nilikupenda. Nilikuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Kimoja."

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi.

"Nisamehe, Mama. Nimekukosea."

"Nimeshakusamehe. Inuka, unachafua suruali."

"Basi rudisha begi ndani."

"Kusamehe ni kitu kimoja," akasema, akivuta zipu. "Kukaa ni kingine."

Nje gari likapiga honi. Nililijua ni la shemeji.

Mimi mambo haya niliyaota. Begi limefungwa, gari liko nje, mama mkwe amevaa viatu. Niliyatungia wimbo, nikautafutia bendi, na wimbo ukapendwa. Sasa yamefika yote kwa pamoja, na mimi nikajikuta nimeruka mlangoni, mkono huku na mkono huku, nimeziba njia.

"Mama, usiondoke."

Alikuwa ameshanyanyua begi. Akaliweka chini. Akanitazama kama anavyomtazama mjukuu wake anaposema amenawa mikono.

"Kwa ajili ya kesho," akauliza, "au kwa ajili yangu?"

Chumba cha pili, cherehani ikasimama. Nje, honi nayo ikanyamaza. Nyumba nzima ilikuwa inangoja kunisikia mimi, jambo nililolitafuta maisha yangu yote, na nikafungua mdomo nikiwa sijui lipi kati ya hayo mawili litatoka.